Kalibu Isiyopashwa Moto

Mwanangu Wakesho,

Uniwie radhi kwa kunyamaza kwangu. Wazazi wengine huomba radhi ya namna hii kwa kuwa wametengana na watoto wao. Mimi nimeishi nawe nyumba moja, nimekula nawe meza moja, na bado nimekunyima jibu tangu Ramadhani.

Swali lako lilikuwa fupi. Tulikuwa ndani ya gari nje ya duka la Al Wukair, mama yako ameingia kununua maziwa. Ulisema, "Baba, Mama utamwambia lini?" Nikajifanya narekebisha kioo cha gari. Ukasema tena, bila kunitazama, "Mi nimechoka kubeba mafuta ambayo hayakuwepo." Nikakujibu kwamba tutazungumza. Mama yako akarudi na maziwa, akauliza mbona tumenuna kama watu waliofiwa, nawe ukamwambia ni joto. Hatukuzungumza siku ile, wala siku yoyote iliyofuata, na kesho asubuhi unapanda ndege.

Ninaandika haya Lusail, ndani ya basi, karatasi ikiwa juu ya usukani. Wahandisi ninaowaendesha hawatatoka kazini mpaka saa kumi na moja, kwa hiyo nina saa nne mbele yangu na sina tena pa kujificha. Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya nani wa kumpigia ukifika Nairobi, mama yako amekuandikia kurasa mbili. Sitayarudia. Anayajua kuliko mimi, na aliyaandika akilia, jambo ambalo mimi siliwezi.

Nitakueleza yaliyokuwako kabla ya siku ile. Uliyoyaona mwenyewe unayajua. Ulikuwa na miaka kumi na ulikuwa umesimama pale pale. Lakini hukujua yaliyotangulia, na mtoto asipojua yaliyotangulia hudhani kwamba jambo lilizuka tu, kama mvua. Halikuzuka.

Mama yako alipata kazi ya uuguzi hapa Doha ukiwa na miaka mitano. Mwaka uliofuata tulimfuata, mimi na wewe, kwa kibali cha ukaazi kilichotegemea kazi yake. Liweke akilini jambo hilo, maana baadaye nililifanya kisingizio. Voi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka kumi na minne. Nilipoingia darasani watoto arobaini walisimama kwa pamoja, na asiyesimama sawasawa alijuta. Hapa nikawa mtu wa kupigiwa honi. Silalamiki, udereva ni kazi halali na umekulisha. Lakini nilikuja na kiburi cha ualimu, na hapakuwa na mahali pa kukiweka. Kiburi kilichokosa pa kukaa hutangatanga mpaka kikapata.

Changu kilipata kwa Thomas. Wewe ulimwita Anko Thomas. Alikuwa fundi wa magurudumu, mtu wa Kerala, mwenye karakana ndogo katika eneo la viwanda nilikokuwa nikipeleka basi. Unajua vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe. Vikichakaa hutupwa. Thomas hakuvitupa. Aliviyeyusha akasubu chubwi, yale madude mazito yanayofungwa kwenye mshipi wa kuvulia ili uzame. Ijumaa Wafilipino na Wahindi hujipanga ufukweni Al Wakrah, kila mmoja hupoteza chubwi mbili tatu kwenye mawe, na Ijumaa nyingine huja kutaka nyingine. Nilimtazama Thomas akifanya kazi mara tatu nne, kisha nikamwomba anifundishe. Alipojua kwamba nilikuwa mwalimu alifurahi sana, na tangu hapo hakuniita kwa jina lingine.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba ujuzi uko katika kuyeyusha. Risasi huyeyuka upesi, hata juu ya jiko la gesi la nyumbani. Ujuzi uko katika kalibu. Ya Thomas ilikuwa vipande viwili vya alumini vilivyounganishwa kwa bawaba, vyenye vipini vya mbao kama vya koleo, na ndani vimechongwa matundu manne ya umbo la tone. Kalibu hiyo haimiminiwi kitu kabla haijapashwa moto. Unaishikilia juu ya mdomo wa sufuria ya chuma, unaigeuza upande huu na upande huu, unangoja. Unangoja kwa muda unaomchosha mtu mwenye haraka, robo saa na zaidi. Halafu unachovya pembe yake ndani ya risasi: risasi ikiganda pembeni, bado, ikidondoka safi, kalibu iko tayari. Hata hapo chubwi za kwanza hutoka na makunyanzi kama uso wa kikongwe, nawe unazirudisha sufuriani bila kusikitika.

"Mwalimu, suweya-suweya," Thomas alikuwa akiniambia kila nilipotaka kumimina mapema. Ni Kiarabu cha karakana, maana yake polepole. "Kalibu baridi ni mbwa asiyekujua. Ipashe moto kwanza, ikujue."

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kukiri. Nilipenda kwamba ina kanuni na kanuni hazibadiliki. Nilipenda kuona uso mweupe wa risasi baada ya kuiondolea takataka. Mama yako aliona nikirudi nyumbani nikipiga mluzi, akafurahi kwa ajili yangu, ila aliweka sharti moja. "Cheza na Thomas wako huko huko," alisema. "Risasi ni sumu, Baba Wakesho. Humu ndani mna mtoto. Usiniletee hata kipande." Nikamwahidi. Hakuniapisha. Kwake neno langu lilitosha.

Miaka miwili nililitunza neno hilo. Kisha Thomas akaenda likizo kwao kwa miezi miwili, karakana ikafungwa, akaniachia kalibu na sufuria niviweke salama. Alisema niviweke. Hakusema nivitumie. Wavuvi wa Ijumaa wakaanza kunipigia simu: "Mwalimu, chubwi ziko?" Ungesikia jinsi walivyolitamka neno hilo, Mwalimu, ungecheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelikosa mno.

Wakati ule tulikaa Al Thumama, katika ile nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba, sisi nyuma, Okello na walinzi wenzake wa Uganda upande wa mbele. Msimamizi wa nyumba alikuwa amekataza kuwasha moto uani baada ya mpangaji mmoja kuchoma nyama na kuukausha mti wake. Kwa hiyo nilisubu mama yako akiwa zamu, na msimamizi akiwa amelala mchana. Kalibu niliificha kabatini, chumbani kwetu, nyuma ya koti langu la harusi, mahali ambapo kiyoyozi kilipuliza usiku na mchana.

Wewe uligundua siku ya kwanza. Ukaniuliza kama ni siri. Nikasema si siri, ni jambo la kutomsumbua Mama. Nimefundisha watoto wengi tofauti kati ya maneno yanayokaribiana, na hilo ndilo somo nililokufundisha wewe.

Sasa ile siku. Ilikuwa Agosti, na unaijua Agosti ya hapa hewa inapotoka baharini: ukifungua mlango miwani inaingia ukungu, kitasa kinalowa. Chuma kilicholala kwenye baridi ya kiyoyozi, ukikitoa nje siku kama hiyo, hutoka jasho kama chupa ya soda, jasho jembamba usiloliona kwa macho. Kwa Thomas hakukuwa na kiyoyozi. Kalibu yake ililala kwenye joto na kuamka kwenye joto. Alinifundisha kuipasha moto, lakini hakuwahi kuniambia kuhusu jasho, kwa kuwa hakuwahi kuliona. Jasho hilo lilitokana na kabati langu, yaani na kuficha kwangu.

Hata hivyo lisingenidhuru kama ningefuata kanuni. Moto ungelikausha. Lakini Mfilipino mmoja alikuwa nje ya geti na gari linanguruma, wenzake wanamngoja Al Wakrah, na alikwisha kupiga honi mara mbili. Niliogopa honi itamwamsha msimamizi. Risasi ilikuwa imeyeyuka. Nikaitoa kalibu kabatini, nikaifunga, nikachukua upawa.

Wewe ulisema, "Baba, hujaipasha moto."

"Risasi iko tayari."

"Lakini Anko Thomas husema kalibu kwanza."

Nilicheka, Wakesho. Nilikuwa nimekasirika na nilicheka. Nikasema, "Unamfundisha mwalimu? Njoo hapa karibu uone."

Nawe, kwa kuwa nilikulea usikie neno mara moja, ukaja karibu.

Nikamimina. Siwezi kueleza mlio ule. Haukuwa mkubwa. Jasho liligeuka mvuke chini ya risasi, na kalibu ikatema, kama mtu anavyotema chai ya moto. Tone moja lilinipata kwenye kifundo cha mkono, na alama yake umeiona. Mama yako anaijua kuwa ni ya rejeta ya basi. Lingine lilikupata wewe. Lilikuwa limeshaganda nilipolibandua kwenye kope, gamba dogo la kijivu, jepesi, na nikalitia mfukoni kabla sijakuangalia usoni. Nataka ujue mpangilio huo. Mfuko kwanza, kisha uso wako.

Nilikubeba hadi kwenye sinki, nikafungua bomba la maji baridi. Miaka minne ya kuishi hapa, najua kama kila mtu ajuavyo kwamba Agosti maji ya bomba la baridi yanatoka kwenye tangi la juu ya paa na yanaunguza, na kwamba ya baridi ni yale ya hita iliyozimwa. Najua. Nilifungua lile la baridi. Mpaka leo kelele ninayoisikia si ile ya uani. Ni ile ya kwenye sinki.

Okello alikuja mbio, fulana mkononi. "Mzee! Mtoto amepata nini?"

"Mafuta," nikasema.

Neno moja. Sikulifikiria. Lilikuwa mdomoni kwa kuwa jikoni, mbele yangu, palikuwa na karai la mafuta ambayo mama yako alikaangia mahamri adhuhuri kabla ya kwenda zamu. Okello akasema, "Ah, mafuta ni mabaya sana, tukimbie, funguo niko nayo," na kwa huruma yake neno lile likawa limeshasimama kwa miguu yake. Njiani alimwambia mkewe kwa simu. Hospitalini alimwambia mlinzi wa mlangoni. Kabla sijafika kwa daktari, uongo wangu ulikuwa na mashahidi.

Kwenye benchi la ukumbini, jicho lako limefunikwa, nikainama nikakuambia, "Ukiulizwa, ni mafuta." Ukatikisa kichwa. Nikakuambia kwamba ikijulikana tulikuwa tunayeyusha risasi uani tutafukuzwa nyumbani, huenda mama yako apoteze kazi, turudishwe sote. Nilimwambia mtoto wa miaka kumi mwenye jicho linaloungua kwamba mkate wa nyumba nzima uko mdomoni mwake. Labda ilikuwa kweli. Sijui. Sikuwahi kuuliza mtu. Lakini haikuwa ndiyo sababu. Sababu ni kwamba niliogopa uso wa mama yako atakapojua kwamba nilimwahidi na nikavunja. Ningeweza kukabili kufukuzwa nchini. Nilishindwa kukabili mwanamke mmoja aliyeniamini.

Akaja na sare yake ya kazi, kitambulisho kinaning'inia, anahema. "Mafuta gani? Mafuta ya mahamri? Nilizima jiko mimi." Akanitazama. "Nilizima, sivyo? Baba Wakesho, nilizima?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, mwanangu. Ulikuwa wazi kabisa. Sikuhitaji hata kusema ukweli wote. Nilihitaji kusema ndiyo, ulizima. Ningetafuta uongo mwingine usiomgusa. Nilisema, "Haraka haina baraka. Labda ulisahau."

Nimeshafikiria maneno mengi maovu ambayo wanadamu wameambiana. Sina hakika kama kuna baya kuliko hilo labda langu.

Wewe ulilisikia. Ukamshika mama yako sketi, ukasema kwa sauti yako ndogo, "Ni mimi, Mama. Nilivuta karai." Hakuna aliyekufundisha hilo. Ulilitunga mwenyewe, ili usimwachie yeye kosa. Akakukumbatia akasema, "Si wewe, mama, si wewe, ni mimi." Mkawa mnanyang'anyana kosa ambalo hakuna kati yenu aliyelifanya, nami nimesimama pembeni yenu, gamba la risasi likiwa mfukoni, nimekunja mikono kama msimamizi wa mtihani.

Kuna jambo moja ambalo hulijui. Nimeliweka mpaka hapa kwa sababu ni zito kuliko mengine, na nikiendelea bila kuliandika nitaichana barua hii.

Daktari wa siku ile ya kwanza aliniuliza kama ni mafuta tu, au kuna kitu kingine kilichoingia. Nikasema ni mafuta tu. Alikusafisha na kukutibu kama mtu aliyeungua mafuta. Siku ya nne, ulipokuwa na homa na jicho limevimba, daktari mwingine alilichunguza kwa saa nzima chini ya taa yake, kisha akanitoa nje. Mama yako alikuwa amekwenda kukuletea nguo. Akanionyesha kwenye kipande cha pamba chembe ya kijivu, ndogo kuliko punje ya ulezi, aliyoitoa chini ya kope. Akaniuliza hii ni nini. Nikasema labda ni ya karai, linabanduka. Akasema, "Ingetolewa siku ya kwanza, pengine tungekuwa tunazungumza mengine." Hakumwambia mama yako, au kama alimwambia, mama yako hajawahi kunionyesha.

Kwa hiyo si kalibu iliyokunyima jicho lako la kushoto. Pengine si kalibu. Ajali ilikujeruhi, na uongo ndio uliomaliza kazi. Umeishi miaka tisa ukidhani kwamba ulinisaidia kuficha bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Ulipokuwa ukinitunzia siri, siri yenyewe ilikuwa ndani ya jicho lako inakula.

Nimeweka kalamu chini kidogo. Wafanyakazi wamekaa kwenye kivuli cha basi langu wanakula wali, na mmoja amenipungia mkono nishuke nile. Nimemwonyesha karatasi. Amecheka, amesema, "Barua ya mke, mzee?" Nimemwambia ni ya mtoto. Amesema, "Hiyo ni ngumu zaidi," naye hajui lolote.

Utauliza kama nilijaribu. Nilijaribu. Tulipohama Al Thumama kuja Al Wukair, mama yako alikuwa anafunga vyombo, akalishika lile karai kwa ncha za vidole akasema, "Hili tulitupe." Tulikuwa wawili tu jikoni. Nilikuwa na sentensi nzima imepangwa, kitenzi chake na kila kitu. Nikasema, "Tulitupe." Nikalipeleka mwenyewe kwenye pipa la barabarani. Mama yako alikuwa fundi wa mahamri kuliko mtu yeyote wa kanisani kwetu. Sherehe za Ijumaa watu walimwomba yeye. Tangu ile Agosti hajakaanga hata andazi moja. Watu humuuliza, naye hujibu kwamba ni mambo ya mafuta kuzidi mwilini. Kila anapotoka nyumbani hurudi mlangoni kuhakikisha jiko limezimwa, mara tatu, mara nne. Unamcheka, mimi pia humcheka. Wiki iliyopita alirudi kutoka kwenye basi la hospitali. Akachelewa zamu. Jiko lilikuwa limezimwa.

Nilijaribu mara nyingine ulipopata matokeo yako. Alikuwa na furaha, nikajiambia usimharibie. Nikajaribu alipofiwa na mama yake, nikajiambia usimwongezee. Akiwa na furaha ni furaha, akiwa na huzuni ni huzuni, na katikati huwa amechoka na zamu. Mwoga hakosi kalenda.

Thomas aliporudi nilimrudishia kalibu imefungwa kwenye gazeti. Akauliza, "Mwalimu, hutaki tena?" Nikasema macho yangu yamechoka. Macho yangu. Aliikunjua, akaikagua, akaona kwenye tundu moja ule mkwaruzo ambao risasi huacha inaporuka. Alikuwa fundi, aliujua. Aliniangalia, akaifunga tena, akaniletea chai. Nadhani yeye peke yake amenihukumu, na alihukumu kwa kutoniuliza tena.

Voi nilikuwa na mwanafunzi, mtoto mkimya wa darasa la sita. Kioo cha dirisha kilivunjika, yeye akasema si yeye. Nilimsimamisha mbele ya wenzake siku tatu, nikimwambia kwamba anayevunja kioo anasameheka, anayesema uongo hasameheki. Baadaye ilijulikana kwamba kweli hakuwa yeye. Nilimwondolea adhabu. Sikumwomba radhi, maana wakati ule mwalimu hakumwomba radhi mtoto. Nimemkumbuka sana mwaka huu. Nilijua kuwafundisha watoto kusema kweli kwa sababu sikuwa nimewahi kuwa na kitu cha kuogopa.

Wewe umekua bila kinyongo ambacho ningekielewa. Ulipochagua kusomea upimaji wa ardhi, shangazi yako alishtuka kwenye simu akasema, na lile jicho? Ukamjibu, "Shangazi, mpimaji hufumba jicho moja akichungulia kwenye chombo. Mimi nimeshamaliza nusu ya kozi." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda bafuni akakaa huko muda mrefu, na maji hayakufunguliwa. Ulikuwa bado unaongea na shangazi yako. Mimi nilikuwa sebuleni, hatua sita kutoka mlango ule. Sikuzipiga.

Sina nasaha ya kukupa kuhusu ukweli; nitakuwa mtu wa kuuza maji ambaye kisima chake kimekufa. Ninaloweza kukuambia ni nililoliona kwa macho yangu. Uongo wa haraka hauombi nafasi kubwa. Unaomba mlango tu, kama mgeni wa siku moja. Kisha unaona unapanga vyombo kwa ajili yake, unamhamisha nyumba nawe, unamzoesha kwa mtoto. Na ukifanya kosa, usilipime kwa ukubwa wake siku ya kwanza. Siku ya kwanza langu lilikuwa chembe.

Na kama siku moja utakuwa na mtu chini yako, mtoto au mfanyakazi, akakuambia hujafanya hivi au vile, simama. Hata kama amekosea. Ningesimama dakika moja kukusikiliza, ungekuwa na macho mawili.

Sasa kuhusu kesho. Nimefikiria kumwambia leo jioni, mkiwa wote wawili nyumbani, kabla ya uwanja wa ndege. Nimeona uso wake anapofunga sanduku lako, jinsi anavyokunja kila blauzi mara mbili, na nimejiambia asiondokewe na mtoto na mume siku moja. Nimejiuliza kama hiyo ni huruma au ni kalenda ile ile. Nilidhani nikikaa hapa na kuandika nitajua. Sijui. Ninaandika kwa mkono thabiti, mwandiko unaouona ni ule ule wa ubaoni, na ndani sioni kitu. Nikimwambia, nitamrejeshea miaka tisa aliyojilaumu bure, na papo hapo nitamwonyesha kwamba mtu aliyelala kando yake miaka yote hiyo alimwona akijilaumu, akamwacha. Sijui kama ya kwanza inaweza kumfikia akiwa amesimama ndani ya ya pili. Nisipomwambia, ataendelea kurudi mlangoni kutazama jiko mpaka azeeke.

Lakini wewe nakufungua. Nilikufunga mdomo kwenye benchi lile na sina haki ya kukuomba uendelee hata siku moja. Barua hii ni yako. Ina mwandiko wangu na jina langu. Nitaitia ndani ya kamusi yako, mahali ambapo yeye hatafungua, na ukishaipata, fanya nayo upendavyo. Sikuombi uichome. Sikuombi unisamehe pia, maana najua ungefanya hivyo upesi, kama ulivyokuja karibu nilipokuita.

Saa kumi na nusu. Wahandisi wameanza kukusanya vitu vyao.

Nikishaamua, nitakuandikia. Nikimwambia, nitakuandikia aliyonijibu, neno kwa neno, hata yale ambayo mzazi hamwandikii mtoto. Nikishindwa sitakutungia sababu. Nitakuletea mstari mmoja tu, kwamba nimeshindwa. Siku utakayoupata mstari huo, usinijibu mimi. Mpigie mama yako. Nitakuwa nimekaa kando yake simu ikilia, na safari hii sitaondoka.

Baba yako